Steringi Tunamjua, Dairekta Je?

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Makongolosi, kule Chunya kwenye dhahabu. Mchana karasha zinasaga mawe, usiku vijana wanajazana banda la video.

Nje ya banda nikakumbana na dogo mmoja wa mtaani kwetu. Alianza kwa kurekodi harusi, sasa ameongoza filamu yake ya kwanza. Akanionyesha kava. Ebo! Sura za masteringi zimejaa tele, jina lake halipo hata kwa herufi za sisimizi!

"Braza, jamaa aliyeinunua kasema dairekta hauzi," akaniambia. "Bora nirudi zangu kwenye karasha."

Nikamvuta tukaketi kwa mama chai. Nikamuuliza, Girlfriend unaijua? "Ile ya TID na Monalisa? Kaka zangu walikuwa nayo!" Haya, nani aliiongoza? Kimya...

Nikampasha. Ni George Tyson, Mkenya aliyekuja Bongo na kuwa mwenzetu. Mwaka 2003, enzi za kanda za video, aliwaweka wasanii wa bongo fleva na waigizaji kwenye picha moja, vijana wa mjini wakajiona wenyewe kwenye skrini. Baadaye akahamia na kwenye televisheni, akiongoza The Mboni Show. Mei 30, 2014 ajali ya gari mkoani Morogoro ikamchukua.

Na si Bongo tu. Wangapi tulimshangilia Schwarzenegger kwenye Total Recall ya 1990? Aliyekuwa akimwambia simama hapa, kimbilia kule, ni Mholanzi Paul Verhoeven, aliyejipatia jina kwao kwa tamthilia ya televisheni, Floris, ya mwaka 1969. Banda zima halimjui!

Dogo akanikazia macho. "Sasa braza, unanipa moyo au unanizika? Mbona na wao hawajulikani?"

Hapo nikaishiwa maneno. Ukweli unauma: Girlfriend yenyewe niliiangalia mara tatu kabla sijalijua jina la Tyson. Nami ndiye mwandishi wa safu, eti!

Nikamwambia hivi: kava ni la mwenye duka, leo lipo kesho limebadilishwa. Jina liweke ndani ya filamu, mwanzoni kabisa, kabla steringi hajafungua mdomo. Halafu usimkabidhi mtu kazi kwa maneno ya kijiweni. Yaandike: bei, jina, kava. Mwanasheria akikushinda gharama, karatasi na mashahidi wawili si haba.

Na wewe msomaji, picha ikianza usiwe mbio kupeleka mbele majina. Kuna mtu hakulala usiku ili wewe ucheke.

Dogo akanywa chai yake, akafikiri, kisha akaniomba peni. Nimeiacha hukohuko.

Wiki ijayo, Mungu akipenda!