Windows ya Mia Tano

Wasee wa Linux tuko na tabia moja ya kuudhi. Ukituambia laptopu yako inakwama, hata hujamaliza sentensi tushaanza: weka Linux. Halafu tunakupa hotuba, ati Windows ni ghali na Linux ni ya bure. Hiyo hotuba iliandikiwa watu wa ng'ambo. Huku kwetu ni wangapi wamewahi kununua Windows? Unajinunulia eksi-UK yako pale Luthuli, ikianza kuleta mambo unaipeleka kwa fundi, anachomeka flashi, anafomati, unamwachia mia tano, na jioni uko na Windows, Office na Photoshop bila kulipa kampuni yoyote. Sasa enda umwambie huyo mtu "ni ya bure." Bure gani, na hiyo yake inakuja na Photoshop juu?

Ndio maana siku hizi siongei bei. Naongea juu ya kile kitu fundi hukusahaulisha.

Ile Windows ya mia tano iko na kaprogramu ndani, kazi yake ni kuidanganya mashine kwamba imelipiwa. Ili kafanye kazi, fundi kwanza anazima antivairasi, halafu anakapa ruhusa zote. Ni kama kumwambia soja wa geti aende nyumbani ndio umfungulie mtu usiyemjua. Mara nyingine hakuna kitu hutokea. Lakini mwaka 2021 watafiti wa usalama walipata CryptBot ikisambazwa pamoja na KMSPico, moja ya vile vifaa vinavyotumika sana kuchakachua Windows. Kazi ya CryptBot ni kuchota paswadi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Imeili yako, akaunti ya chuo, kila kitu. Na hutajua, kwa sababu mwenye angekwambia ni ile antivairasi iliyozimwa.

Halafu kuna hili la Windows 10. Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ikabaki mpango wa nyongeza wa kujisajili. Windows 11 nayo inataka chipu ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8. Angalia laptopu za makomredi hapo hosteli. ThinkPad T440 ni kizazi cha 4. EliteBook 840 G3 ni cha 6. Hizi ni mashine ngumu, kibodi tamu, zinaweza kukufikisha hadi graduesheni, lakini kwenye orodha ya Microsoft hazipo. Fundi atakuwekea 11 kwa ujanja, ama akuache kwenye 10. Njia zote mbili wewe ndio unabeba mzigo.

Linux Mint ya Xfce inaendesha hizo mashine kwa RAM ya GB 2, ukiwa na 4 unatulia. Faili yake ni karibu GB 3. Kwa bando inauma, kwa waifai ya chuo ni kitu ya mara moja. Na hapa ndipo napenda zaidi: ukishapakua, unaweza kurushia hosteli nzima, na hujaiba. Leseni ya GPL, ile inayobeba kerneli ya Linux, inakuruhusu kunakili, kugawa, hata kuuza. Sisi tumekulia kwenye "nirushie" kila siku tukijua ni magendo. Hii ndiyo programu iliyoandikwa ikijua utarusha. (Ubuntu, ile iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hata jina lake ni ndugu ya neno letu "utu.")

Kama unasomea kuprogramu, hata sitakubembeleza. Kompyuta kubwa 500 zenye nguvu zaidi duniani, zote zinatumia Linux tangu Novemba 2017. Android mkononi mwako iko na kerneli hiyo hiyo. Seva utakayopewa kazini, uwezekano mkubwa ni Linux. Anza kuizoea ukiwa bado unaharibu vitu vyako mwenyewe.

Lakini si kila mtu. Ukiishi kwa Photoshop au Premiere, baki hapo ulipo. Ukicheza Valorant, pia. Na LibreOffice itafungua kazi yako ya Word, lakini majedwali yana vile huhama, kwa hivyo peleka PDF, na zile za kikundi fanyieni kwa Google Docs. Kabla ya kufuta chochote, washa Mint moja kwa moja kutoka kwa flashi. Waifai inashika? Sauti iko? Ukifunga na kufungua tena, inaamka? Ikikataa, chomoa flashi, Windows yako iko pale pale.

Na nyinyi wasee wa Arch, tafadhali. Mtu anataka kuandika CV, wewe unamwambia agawanye diski kwa mkono. Mnatufukuzia wateja.

Mtu anayeamua kompyuta ya Mkenya wa kawaida iwe na nini ni fundi. Yeye ndiye mwenye flashi. Na anaweza kulipisha ile mia tano yake kwa kuweka Mint, ni halali kabisa, kwa sababu analipwa jasho lake. Hakuna kuzima antivairasi, na mteja harudi baada ya wiki mbili akilia. Kwa hivyo siku hizi nazunguka na flashi yangu kwa vibanda. Fundi wa kwanza alicheka. Wa pili pia. Wa tatu aliniuliza kama inafungua Word. Nikamweleza hiyo ya majedwali. Akawaza kidogo, akasema, "Sawa, wacha flashi hapo."