Ridhaa ya Kulazimishwa Si Ridhaa

Wengi wetu hudhani kwamba kufungua ukurasa wa intaneti ni sawa na kufungua gazeti: sisi twasoma, nalo gazeti halijui lolote juu yetu. Sivyo ilivyo. Tangu mwaka 1995, kampuni ya Netscape ya Marekani ilipoanzisha lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, ukurasa waweza kuja pamoja na maagizo ambayo simu au kompyuta ya msomaji huyatekeleza papo hapo. Leo zipo tovuti nyingi ambazo, msomaji akiyazuia maagizo hayo, humwonyesha ukurasa mtupu. Yafaa tujiulize kama sharti hilo ni la haki.

Hatukatai kwamba maagizo hayo yana manufaa, kama vile kuonyesha ramani inayosogea au kupiga hesabu ya malipo. Lakini yamepewa mamlaka makubwa. Yaweza kusoma kila herufi tunayoiandika katika fomu kabla hatujabonyeza kitufe cha kutuma. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba mamia ya tovuti mashuhuri zilitumia programu zenye uwezo wa kurekodi mienendo ya wageni kwa namna hiyo. Isitoshe, mwenye tovuti huyaingiza maagizo ya kampuni nyingine, nayo hupata mamlaka yale yale ya mwenye nyumba.

Madhara yake yamekwisha kuonekana. Mwaka 2018 wezi walibadilisha maagizo katika tovuti ya shirika la ndege la British Airways, wakaongeza mistari 22 tu. Kwa muda wa wiki mbili hivi, wateja walipoandika namba za kadi zao za benki, namba hizo zilinakiliwa na kupelekwa kwa wezi. Tovuti ilikuwa ya kweli, na wateja hawakukosea lolote. Mwaka 2020 ofisi ya Uingereza inayolinda taarifa binafsi ililitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20.

Hata mlinzi mwenyewe hakusalimika. Mwezi Februari 2018 programu ya kuwasomea kwa sauti watu wenye shida ya kusoma, iitwayo Browsealoud, ilichafuliwa na wahalifu. Tovuti zaidi ya 4,000 zilizoitumia, ikiwemo ya ofisi hiyo hiyo ya Uingereza, zikazifanya kompyuta za wageni kuwachumia wahalifu fedha za kidijitali pasipo wenyewe kujua. Msaada uliokusudiwa kwa wanyonge ukageuzwa kuwa mlango wa wizi.

Hapo ndipo suala hili linapokuwa suala la haki. Anayetaka kujinunulia anasa aweza kuiacha tovuti asiyoiamini. Lakini mzazi anayetafuta nafasi ya shule kwa mtoto wake, au mgonjwa anayetakiwa kujisajili kwa mtandao, hana njia nyingine. Kumwambia "kubali au ondoka" ni kumlazimisha. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria zote mbili zaitambua ridhaa ya mwenye taarifa. Ridhaa hiyo itakuwa na maana gani kwa mtu asiyeweza kukataa?

Kwa hiyo twatoa wito kwa taasisi zote zinazohudumia umma, zikiwemo shule, zahanati na ofisi zetu wenyewe. Tangazo na fomu ya kawaida visomeke na kujazwa bila sharti hilo. Jambo hilo lawezekana, na mwongozo wa huduma za serikali ya Uingereza wawaelekeza mafundi wake hivyo. Penye siri za watu, maagizo ya kampuni nyingine yasiwekwe pasipo sababu ya lazima. Nanyi viongozi wa walei, fundi anapowatengenezea tovuti, mwulizeni: ni nani wengine wanaoingia kupitia ukurasa huu, nao wanachukua nini? Asipoweza kujibu, kazi hiyo isipokelewe.

Anayemkaribisha mgeni nyumbani kwake ana wajibu wa kumlinda. Mgeni asidaiwe funguo za nyumba yake mwenyewe ndipo aonyeshwe kiti.