Elimu ya Viumbe Isikome Chuoni

Wapo miongoni mwetu wanaodai kwamba kuwahurumia wanyama ni anasa ya wageni, na kwamba kijana anayetumia miaka yake ya chuo kikuu kuchunguza komba na ndege amepoteza wakati. Dai hilo ni kasumba.

Husemwa kuwa kumning'iniza kuku kichwa chini kwenye baiskeli ndiyo desturi yetu. Sivyo. Mababu zetu walisuka matenga ili kuku asafiri akipumua na afike mzima. Aliyeliacha tenga ndiye aliyeiacha mila. Basi Bunge letu lilipotunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, halikuiga ugeni, bali liliandika jambo ambalo wasusi wa matenga walilijua. Na pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hao hufundishwa kwa kutuzwa chakula, wala si kwa fimbo. Je, huo nao ni upuuzi?

Hata hivyo, wasomi nao wana deni. Tuitazame Mzenga, katika Kisarawe, ambako reli ya TAZARA hupita. Misitu ya Uzaramo imekatwa miaka na miaka ili Dar es Salaam ipate mkaa. Katika masalia yake, huko Pugu na Kazimzumbwi, huishi komba mdogo wa Rondo, ambaye wataalamu walimtambua kuwa ni aina ya pekee katika miaka ya 1990 tu. Habari zake zimejaa katika majarida ya Kiingereza. Mchoma mkaa hana habari nazo, naye ndiye mwenye shoka mkononi! Tutamlaumuje kwa kuangusha nyumba ya kiumbe ambaye hakuna aliyemweleza thamani yake kwa lugha yake?

Kwa hiyo, kila mhadhiri anayepata shahada kwa wanyama wetu hana budi kuyarudisha matokeo kijijini, kwa Kiswahili fasaha, mbele ya mkutano wa wanakijiji, naye awe tayari kuulizwa maswali na kusahihishwa na wazee. Nanyi walimu, watoeni wanafunzi darasani, wakaujue msitu kabla haujawa majivu. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.