Kupima ni siku moja, hizo nyingine ni za nini?

Kuna swali linanifuata tangu muhula uanze: hivi upimaji wa kiwanja cha biashara unachukua muda gani? Linaulizwa kijiweni, linaulizwa bwenini, na juzi limeulizwa kwenye Noah ya Marangu na mama mmoja ambaye hata jina langu halijui. Eti kwa kuwa niko chuo basi lazima nitajua.

Swali lenyewe si la umbea. Huyo mama anataka kujenga gesti ya vyumba vinane, apate na yeye hao wazungu wanaopita kwenda geti la mlima. Benki imemwambia alete hati kwanza. Kuna kijana kamwambia "mama wiki mbili tu, hati mkononi". Kwa kuamini hizo wiki mbili kakopa kwenye kikundi chao, mkopo wenye riba, marejesho yanaanza mwezi ujao. Nilipomuuliza kiwanja kina mchoro wa mipango miji au kiko kwenye ardhi ya kijiji, akaniangalia kama nimemuuliza kwa Kichina.

Hiyo "wiki mbili" ndo imenikalisha kuandika.

Kwanza tuelewane maneno, maana huku mtaani kila kitu kinaitwa "kupima". Kupima ardhi ni kuweka mipaka na mawe (bikoni) na kuchora ramani inayosajiliwa. Kuthamini ni kusema jengo na kiwanja vina thamani gani, na hiyo ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa, ana sheria yake ya mwaka 2016. Mthamini akija kwako anaweza akamaliza kukagua asubuhi moja, anapima vyumba, anapiga picha, anauliza uliza, ripoti inakuja baadaye. Halafu kuna kumilikishwa, yaani hati yenyewe. Hivyo ni vitu vitatu, watu tofauti, ofisi tofauti. Mtu akikwambia wiki mbili muulize tu: wiki mbili za kipi?

Sasa upimaji wenyewe, ile kazi ya shambani, ni mfupi mpaka utashangaa. Mpima anakuja na msaidizi, ana kile chombo kama uyoga juu ya fimbo kinachoongea na setilaiti. Anaanzia kwenye alama za msingi ambazo zilishapimwa zamani, anahamisha vipimo hadi kwako, wanachimba kwenye kona, wanasimika nondo ndani ya zege, namba inagongwa. Kiwanja kimoja cha kawaida, eneo la wazi, mipaka haina ugomvi: siku moja. Mbili kama mvua imewakuta. Hesabu na kuchora ramani ofisini ni siku chache nyingine, siku hizi kompyuta ndo inafanya.

(Kwa mliosahau, hata mlima wetu umepimwa mara kibao. Hans Meyer aliyefika kileleni 1889 alirudi na hesabu ya zaidi ya mita 6,000. Hii 5,895 tuliyokariri darasani ni ya mwaka 1952. Mwaka 1999 wataalamu wakapanda na GPS wakapata kama 5,892. Mlima haukusinyaa, vyombo ndo vilikua.)

Kwa hiyo vyombo vimekua na kupima kumekuwa kwepesi. Kinachobaki kirefu ni vile vitu vya kabla na vya baada, na hapa ndo nataka tugombane kidogo, kwa sababu watu wengi mnalalamikia urefu usio wenyewe.

Ukiwa Moshi mjini kati, mtaa wa maduka, kiwanja kilishapimwa miaka mingi, kina namba na kitalu. Hapo mpima anakuja kufufua mawe tu, labda mtu alijengea ukuta juu yake. Hilo linaisha haraka, tusipoteze muda nalo. Ukitoka kidogo kwenye yale maeneo yaliyojengwa kabla ya kupangwa, huwezi kupima kabla ya kuwa na mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, na mchoro haumuhusu mtu mmoja. Unahusu mtaa mzima: barabara ipite wapi, nani akatwe mita mbili, wapi pabaki wazi. Na kama ulijenga nyumba ya kuishi sasa unataka iwe hosteli ya wanafunzi (mko wengi huku nyuma ya chuo, msijifiche), kuna kubadili matumizi, nako kuna tangazo la kuwapa majirani nafasi ya kupinga. Hapo hata bikoni moja haijachimbiwa, na miezi inaenda.

Ukipanda juu sasa, Marangu, Old Moshi, Kibosho, Machame, Rombo, ndo penye shughuli. Sehemu kubwa huko ni vihamba, na vingi viko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001 pamoja na mwenzake Namba 4. Huko unachopata ni hatimiliki ya kimila. Kisheria ina hadhi sawasawa na ile hati ya mjini, hilo limeandikwa kabisa. Ila nenda nayo benki uone sura ya afisa mikopo! Zipo zinazoikubali, lakini nyingi bado moyo wao uko kwenye ile ya mjini. Ndo maana watu kama yule mama wanaanza kuulizia njia ya pili, ya kutoa eneo kwenye ardhi ya kijiji, njia ambayo inapitia halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji na mpaka Wizarani. Wiki mbili? Mkutano mkuu wenyewe kuitishwa tu ni habari nyingine.

Halafu kuna kihamba chenyewe. Aliyewahi kuingia kwenye kihamba anajua: migomba juu, mikahawa chini, migrivea pembeni, jua lenyewe linaingia kwa kuvizia. Ule uyoga wa setilaiti hauioni mbingu vizuri, vipimo vinayumba. Basi mpima anarudi kwenye mashine ya miguu mitatu, ambayo nayo inataka ione kona moja hadi nyingine bila kizuizi, na bibi hakubali mgomba wake wenye mkungu ukatwe ili mashine ione. Kuna mfongo unapita katikati, nao una watumiaji wake huko chini ambao hawakuulizwa. Na kama gesti yako unataka iangalie mto kwa sababu wageni wanapenda sauti ya maji, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo. Kwenye kihamba cha robo ekari mita 60 ni kihamba chote pamoja na cha jirani.

Lakini kubwa kuliko yote ni masale. Mpaka wa Mchagga hauna zege, una isale. Ni mmea, hauna haraka, unaishi kuliko aliyeupanda, na hung'olewi ovyo, maana ndo huo huo anaopelekewa mtu unapomwomba msamaha, na ukiletewa isale ni vigumu sana kukataa. Sasa mstari wa masale unapinda pinda, ulifuata jiwe, ukafuata kisiki ambacho hakipo tena. Mpima yeye anaweka bikoni kona na kona, katikati ni mstari mnyoofu. Pale kwenye kupinda kuna kipande cha hatua moja na nusu chenye migomba mitatu. Cha nani? Kwenye ramani swali hilo ni dogo kuliko unene wa kalamu. Kwenye ukoo linatosha watu wasizikane.

Na bado hujawaita ndugu. Kihamba cha mzee kina mtoto wa mwisho aliyebaki nyumbani, kina wa kwanza aliyekatiwa upande wake kwa mdomo tu mbele ya mbege, kina wa katikati walioenda kutafuta Dar, Mwanza, Arusha na ambao kila mmoja ana picha yake kichwani ya mpaka ulipo. Kuna shangazi aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika. Kuna mke, ambaye kama nyumba ni ya ndoa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake kabla hujaiweka rehani. Kuwakusanya wote hao ni Desemba tu. Ndo maana nasema mwezi wa kupima uchaggani ni Desemba, magari yote yakishapanda, hata kama mafundi wanataka hela ya sikukuu. Ukikosa Desemba unasubiri msiba, Mungu apishe mbali, au Desemba nyingine. Machi hadi Mei usijisumbue, masika na ule utelezi mpima mwenyewe atakutumia meseji ya pole.

Hizi siku za kuzunguka mpaka na majirani, wazee na ndugu mimi siziiti ucheleweshaji. Naona huo ndo upimaj wenyewe, nondo na zege ni kuandika tu kilichokubaliwa. Ukiniambia ilichukua miezi minne kwa sababu kaka wa Mwanza hakuwepo, nitakwambia vizuri, mmefanya la maana. Anayekuahidi kuziruka, aje Jumanne asubuhi jirani akiwa shamba la chini kwenye mahindi, aweke mawe chapchap, huyo hajakuokolea muda. Kakukopesha, na riba yake ni kubwa kuliko ya kikundi. Jirani akirudi jioni akakuta zege, mnaanza Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, haliamui tena. Mkishindwana mnashuka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na huko ndo unakutana na kesi zilizoanza wewe ukiwa chekechea.

Sasa siku ambazo mimi zinanichoma ni zile za baada. Ramani imeshachorwa, majirani wamesaini, muhtasari una mhuri, hakuna anayelalamika. Inatakiwa tu iidhinishwe na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani au aliyepewa mamlaka hayo, isajiliwe, ndo hati iandaliwe. Hapo faili linakaa. Hakuna mvua, hakuna mgomba, hakuna shangazi. Linakaa tu. Mzee mmoja wa kwetu alipanda na kushuka ofisi moja (siitaji) mara saba, mara ya saba akaambiwa kuna karatasi moja ilikosekana tangu mara ya kwanza. Nauli aliyotumia ingetosha mifuko kadhaa ya saruji.

Tuwe wakweli, kuna yaliyosogea. Mwaka 2020 Wizara ilifungua ofisi za ardhi kwenye mikoa yote ya bara, kwa hiyo mambo mengi yanaishia hapa hapa Moshi badala ya kusafiri. Na mpima naye mara nyingine ndo anayekalia kazi, anasubiri umalizie hela, au kachukua kazi kumi kwa mpigo anaziunganisha safari moja. Anayelipwa asilimia mia siku ya kwanza hana sababu ya kukimbia, hilo hata sisi wa biashara tumefundishwa darasani. Mlipe kwa hatua: kidogo akianza, kingine mawe yakishakaa, cha mwisho ramani ikishaidhinishwa, na risiti kila mara.

Ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja kwa wakubwa, nisingeomba mfumo mpya wala semina. Ningeomba karatasi gumu juu ya kila faili, lenye tarehe lilipoingia kila meza na tarehe lilipotoka, na mwenye faili aruhusiwe kulisoma. Basi. Siku hiyo tutajua miezi sita ilikuwa ya kaka wa Mwanza au ya meza namba tatu.

Yule mama nilimwambia asianze na mpima. Aanze ofisi ya kijiji ajue ardhi yake iko kwenye sheria ipi, aandike majina ya majirani wote wanne na ya ndugu wote, halafu aende kwenye kikundi kuomba marejesho yasogezwe. Hili la mwisho hakulipenda kabisa. Alishukia Himo bado akiwa na zile wiki mbili kichwani.

Wadau mnaosoma Ardhi pale Dar, nyie ndo wenye fani, hebu mtuambie: mkienda field, ile ramani mnayokabidhi huwa mnaiona tena ikitoka na mhuri, au muhula unaisha kwanza?