Mizani Ilikuwapo, Mguu Haupo

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,

YAH: MGUU WA KULIA WA MDOGO WANGU

Natanguliza heshima, na shukrani pia. Tangu tuliporudi kutoka Chennai, India, mwaka 2021, kliniki yako imelilinda ini nililommegea mdogo wangu. Vipimo vya ini havikukosekana hata mara moja, na kiwango cha takrolimasi, dawa ya kuuzuia mwili usilikatae ini, kilifuatiliwa kwenye damu. Ini ni zima. Mguu ndio haupo.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Homa ya ini B ilimkausha hadi kilo 52, na humo humo yamo maji ya tumboni. Alipopona akaanza kula, tulishangilia. Kwetu mtu aliyeponea chupuchupu akinenepa, watu husema amenawiri, na mimi nilikuwa wa kwanza kumwongezea wali. Lakini sisi ndugu hatukusomea kazi hiyo. Muuguzi wenu naye alimwambia, “Hongera, umenawiri,” akampita na faili mkononi. Mizani ilikuwa pale karibu na mlango, imebebeshwa rundo la mafaili. Tulihudhuria mara 11. Sikuona mgonjwa hata mmoja akipandishwa.

Aliyekuwa anampima ni yeye mwenyewe, kwa futi kamba yake. Alitanua kiuno cha suruali yake, akatanua tena, mpaka kitambaa cha akiba kwenye mshono kikaisha.

Dawa anazomeza unazijua kuliko mimi. Prednisoloni huamsha njaa na kupandisha sukari. Takrolimasi huzuia kongosho kutoa insulini ya kutosha. Mwili uliokondeshwa na ugonjwa mara nyingi hurudisha mafuta kabla ya misuli. Ndiyo maana aliyepandikizwa ini anatakiwa kupimwa uzito, sukari, presha na mafuta ya damu maisha yake yote: wapo wengi wanaouawa na moyo huku ini likifanya kazi vizuri.

Alisema ana kiu. Alisema anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa. Alisema nyayo zimekufa ganzi. Kila mara alijibiwa kwamba majibu ya ini ni mazuri.

Mwaka jana kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye pasi ya mkaa, likatua juu ya mguu wake wa kulia. Hakusikia. Mteja ndiye aliyesikia harufu. Kidonda kilipoanza kuoza tukampeleka hospitali nyingine. Wakampandisha kwenye mizani: kilo 88. Wakamtoboa kidole: sukari 27. Siku ya 19 mguu ukakatwa chini ya goti.

Presha anayo, figo zimeanza kuchoka, na ini nililompa limeshaingia mafuta. Hayo nayataja tu. Nasema mguu, kwa sababu huo ndio uliokuwa ukikanyaga cherehani, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto watatu. Nilikubali kupasuliwa nikiwa mzima. Tuliuza kiwanja cha marehemu baba. Yote hayo tuliyaweza, na tone moja la damu kwenye ncha ya kidole likatushinda, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kuwa linahitajika.

Naomba mambo manne. Mizani itumike kila hudhurio, na uzito uandikwe kwenye faili. Sukari na presha zipimwe hata kama mgonjwa anaonekana mzuri. Nyayo zikaguliwe. Daktari wa ini, daktari wa sukari na mtaalamu wa lishe wasome faili moja, wala mgonjwa asigeuzwe tarishi kati yao.

Na hili halikuhusu wewe peke yako. Nchi nzima tunajua kuchangishana nauli ya kumpeleka mtu India, na kumpokea uwanja wa ndege kwa vigelegele. Baada ya hapo kila kliniki hushika kiungo chake: huyu ini, yule figo, yule moyo. Mwenye viungo hivyo anabaki bila mtu wa kumtazama.

Jumanne ijayo ni zamu yetu ya kliniki. Nitamleta mapema. Tafadhali yatoeni yale mafaili, kwa sababu safari hii tutaanzia kwenye mizani. Atasimama kwa mguu mmoja, nami nitakuwa karibu asianguke. Ninachoomba ni mtu mwenye kalamu, aandike.

Wako,
Dada wa mgonjwa
Dar es Salaam