Taa za remorke haziko pambo

Sisi wafanyakazi wa mgodi tumechoka kusikia «kesho». Remorke ya kubeba pompi ya maji inavutwa usiku, katika vumbi ya barabara ya Kolwezi, bila taa hata moja. Shofa wa nyuma ataona nini?

Kufunga prize ya pini 7 nyuma ya pikapu haiko kazi ya injenia. Waya nyekundu ni ya freni, ya njano ni ya kugeukia kushoto, kijani ya kuume. Nyeupe ni masi: hiyo ikazwe kwenye chuma kisafi, bila rangi wala kutu. Ni hapo bengi banaharibisha, na taa zinacheza bule.

Mashefu wa garaji, tunaomba hivi: shofa akikataa kuvuta remorke isiyo na taa, asiandikiwe demande d'explication.