Madesa Hayabebi Nyumba

Hakuna ushauri unaonikera kama ule anaopewa kijana anayeanza uhandisi chuoni: tafuta madesa mapema, kariri maswali ya miaka iliyopita, mengine utajifunza kazini. Hutolewa kwa mapenzi, tena na kaka waliokwisha kuhitimu. Mimi nasema ni sumu iliyopakwa asali.

Siwadharau wanaoufuata. Kijana wa kwetu Songambele, kule Kyerwa, amesomeshwa kwa kahawa na ndizi. Akipata sapu, nyumba nzima hukosa usingizi. Akipigwa disko, ukoo wote umepigwa. Mwenye hofu hiyo hukimbilia njia ya mkato. Lakini hofu hata ikiwa ya haki, haiwezi kuifanya dawa ya uongo iponye.

Tazama jambo moja tu. Boriti imelazwa juu ya kuta mbili, na kila mita yake imebeba mzigo uleule. Ukiongeza urefu wake mara 2 bila kuinenepesha, nguvu ya kuipinda huongezeka mara 4. Kwa nini? Uzito wote umekuwa mara 2, na wenzo wake nao mara 2. Kule kuinama kwake katikati huongezeka mara 16. Mwenye desa anayo kanuni kichwani, naye ataiandika vizuri akiulizwa kama mwaka jana. Lakini mwenye nyumba akimwambia, "Fundi, ondoa ukuta huu wa kati, sebule iwe kubwa," atakubali. Hapo ndipo watu hufa.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kuhadithiwa. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 15 katika mkoa wetu na kubomoa maelfu ya nyumba. Majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Ukuta wa tofali usiofungwa kwa mkanda wa zege na nondo huanza kuachana kwenye kona, kisha huanguka. Ardhi ilipotikisika haikuuliza nani alipata alama A.

Na hilo la "utajifunza kazini" nalikataa. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1973, kiliingiza mafunzo ya vitendo ndani ya masomo yenyewe. Maana yake ni kwamba kazi na darasa vitembee pamoja. Asiyeelewa darasani atakwenda kiwandani kushika tochi tu huku wenzake wakifungua mashine.

Walimu nao wasijifiche nyuma ya wanafunzi. Anayerudia maswali yaleyale kila mwaka ndiye mpanda madesa; asilalamike yakichipua.

Je, nasema mitihani ya zamani ichomwe moto? La hasha! Itumieni, ila kwa njia ya mtu mzima. Funika majibu, weka saa mezani, fanya peke yako. Ukimaliza, badili tarakimu, ongeza mzigo, sogeza nguzo, ufanye tena. Kabla ya kanuni, chora mchoro. Kabla ya kukokotoa, kisia jibu. Kagua vizio: nguvu ikitoka kwa mita, umepotea njia. Kisha mweleze mwenzako bila karatasi. Pale utakapokwama ndipo hujui. Saa moja kila siku inashinda mkesha wa wiki ya mwisho, kwani akili isiyolala haishiki.

Siku ya mtihani, maswali yakiwa 5 kwa saa 3, gawa dakika 30 kwa kila moja. Zitabaki 30 za kusoma karatasi nzima mwanzoni na kuhakiki mwishoni. Anza na unaloliweza. Huo ndio ujanja halali, na hauhitaji desa la mtu.

Nawe mzazi uliyeuza kahawa, kijana akirudi likizo usimwulize alama peke yake. Mpeleke nyuma ya nyumba, umwulize kwa nini ukuta wa jiko umepasuka kwenye kona, na ufungwe vipi. Akikueleza ukaelewa, fedha yako haikupotea.